Mwembe wa chuma unaojiwasha wenyewe saa saba usiku

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Ujiji, Kigoma. Mwenye nyumba ya wageni moja kandokando ya ziwa aliniagiza sanamu ya taa ya bustanini, kitu kinachowaka mtu akikaribia. Nikamtengenezea mwembe wa chuma wa mita 3, nikauzungushia taa za LED za mkanda za volti 5, zile ambazo kila taa unaiamuru peke yake, jumla 300, ili ufanane na mti uliojaa vimulimuli. Nimetumia adapta ya ampea 10, bodi ya Arduino, kompyuta ndogo ya kuamuru taa (kijana mmoja alinisaidia programu) na sensa ile ya kikombe cheupe inayotambua watu. Matatizo ni haya. Kwanza, saa saba usiku mti unajiwasha na kujizima bila mtu. Mlinzi anasema ni majini na hataki tena kukaa upande ule. Pili, kwenye matawi ya mbali taa nyeupe zinakuwa nyekundu-nyekundu. Tatu, mvua zilipokaribia niliifunika sensa kwa kioo nilichokitoa kwenye fremu ya picha yetu ya harusi. Tangu siku hiyo haioni mtu, ila usiku bado mti unajiwasha. Nne, na hili ndilo linaloniuma, mteja aliutazama akasema, 'Hii ni taa ya geti uliyoipandisha mtini.' Nimeshauriwa ninunue sensa ya rada na kidhibiti cha bei kubwa kutoka Dar. Nikivinunua shida zitaisha? Na watoto wakiushika ni salama?"

JIBU: Marahaba, fundi. Swali lako nimelisoma mara mbili, ya pili nikicheka kwa sababu ya huyo mlinzi, maana hata mimi hapa Tabora nimewahi kusingiziwa majini kwa kosa la waya. Niseme mapema: usinunue chochote kutoka Dar kwa sasa. Ulichonacho kinatosha. Na shida zako unazihesabu nne, mimi naziona mbili: moja ya umeme, nyingine ya tabia ya mti wenyewe. Ya umeme utaimaliza Jumamosi moja. Ya tabia itakuchukua siku kadhaa, lakini ndiyo itakayomfanya mteja amalizie salio lako.

Tuanze na majini. Jibu umenipa mwenyewe bila kujua. Umesema tangu uweke kioo sensa haioni mtu, lakini mti bado unajiwasha. Sasa kama sensa haioni chochote cha nje, kinachoishtua kiko ndani. Si popo, si paka, si jini. Ni adapta.

Piga hesabu nami. Taa moja ya aina hiyo ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote hula kama miliampea 60. Zidisha kwa 300, unapata ampea 18. Adapta yako ni ya 10. Bila shaka yule kijana aliamuru taa zote ziwake nyeupe kwa mpigo sensa ikitoa ishara. Ndivyo wengi huanza. Basi kila zinapowaka adapta inaelemewa, volti 5 zinaporomoka, na sensa inayokunywa umeme kwenye adapta hiyo hiyo inayumba. Ikiyumba hutoa ishara ile ile inayoitoa ikimwona mtu. Bodi inawasha taa, volti zinaporomoka tena, sensa inashtuka tena. Mti wako unajitekenya na kucheka wenyewe. Na cha kuanzisha mchezo huo usiku wa manane kinaweza kuwa kidogo tu: pampu ya kujaza tangi imeanza kuzunguka, friji ya jikoni imewaka, au umeme ulikatika ukarudi. Sensa hizi zikipata umeme zinahitaji kama dakika moja kutulia, na ndani ya dakika hiyo hutoa ishara ovyo.

Kulithibitisha ni rahisi. Toa sensa na bodi kwenye adapta, ziunganishe na chaja ya simu ya volti 5 iliyo nzima, mkanda ubaki na adapta yake. Hasi ya chaja na hasi ya adapta ziunganishe pamoja, maana bila hasi ya pamoja ishara ya data (ile inayotoka kwenye bodi kuziamuru taa) haina njia ya kurudi. Chanya zisigusane kamwe. Pale umeme unapoingia kwenye mkanda weka kapasita ya maikrofaradi 1000, ukiangalia vizuri mguu wa hasi ni upi, na kwenye waya wa data weka rezista ya omu 330. Halafu mpe mlinzi daftari na kalamu, aandike saa kila mti unapojiwasha. Usiku ukipita bila kitu, mchawi umempata. Ukijiwasha tena, linganisha saa zake na saa za pampu.

Matawi mekundu ni habari hiyo hiyo kwa sura nyingine. Ndani ya kila taa mna vitaa vitatu: chekundu, cha kijani na cha buluu. Chekundu huridhika na volti 2 hivi. Cha kijani na cha buluu hutaka karibu 3. Umeme ukifika ncha ya tawi ukiwa umechoka, hivyo viwili hufifia kwanza na chekundu hubaki peke yake. Nyeupe inageuka njano, kisha nyekundu-nyekundu. Taa hazijaungua, zina njaa.

Na umeme huchokea kwenye waya. Chukua waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba, mita 5 kwenda na 5 kurudi. Ukinzani wake ni kama omu 0.23. Pitisha ampea 4 na volti 0.9 zimeshaliwa njiani. Kwenye umeme wa volti 230 hasara hiyo hata huisikii, lakini kwenye volti 5 ni karibu moja ya tano ya mali yote. Ukitumia waya wa milimita 2.5, ule wa soketi za nyumbani, hasara inashuka hadi volti 0.3. Kwa hiyo panda na waya mnene ndani ya bomba la shina, kisha kila tawi lipate mdomo wake wa kunywea. Usiutegemee ule utando mwembamba wa shaba wa kwenye mkanda kuusafirisha umeme kutoka tawi la kwanza hadi la mwisho. Ni kumwagilia bustani nzima kwa mpira mmoja wenye matundu. Miche ya mwisho itakufa kwa kiu.

Sasa kioo. Hapa kuna dhana potofu inayowapoteza wengi, na jina lenyewe linachangia. Tunasema sensa "inaona" mtu. Haioni mtu (wala haihesabu, kama sensa ile ya serikali). Inahisi joto linalosogea. Ngozi ya mtu ina joto la nyuzi kama 33, na kila chenye joto hutoa mionzi ambayo macho yetu hayaipati. Chini ya kile kikombe cheupe mna vipande viwili vidogo vilivyounganishwa vikipingana. Joto likivipata vyote sawasawa, vinafutana, na ishara ni sifuri. Mtu akikatiza mbele, joto lake linakifikia kimoja kabla ya kingine, na tofauti hiyo ndiyo ishara. Kikombe nacho hakikuwekwa kwa urembo. Ni lenzi iliyogawanywa vijidirisha, imetengenezwa kwa polithini kwa sababu polithini inapitisha mionzi ya joto. Kioo hakipitishi. Kwako wewe kioo ni kitupu, kwa sensa ni ukuta wa matofali. Plastiki ngumu inayong'aa ya kufunikia picha nayo ni vivyo hivyo, usije ukahamia huko. Sensa inataka kibaraza tu: kata kipande cha bati, kikunje kiwe paa dogo lililochomoza sentimita 10 mbele yake, ielekee chini kidogo. Mvua itapita pembeni.

Mahali ulipoiweka pia napatilia shaka, ingawa hukunieleza. Mafundi wengi huielekeza kwa mtu anayekuja mbele kwa mbele. Anayekuja hivyo hakatizi vijidirisha, anakua tu polepole, na sensa inachelewa kumtambua. Iweke ubavuni mwa njia, urefu wa kiuno hadi kifua, watu wakatize. Na kwa kuwa mko Kigoma, bustani ya ufukweni hutazama magharibi: jioni jua linashukia milima ya Congo ng'ambo na kupiga kila kitu usoni, na chuma kilichochomwa na jua mchana kutwa kinapoa huku majani yaliyo mbele yake yakichezeshwa na upepo wa ziwa. Kwa sensa, majani yanayopita mbele ya chuma cha moto ni umati wa watu. Ipe ziwa mgongo. Safisha lenzi kila wiki pia, kwani mjusi kafiri akijibanza juu yake kuvizia wadudu, kwa sensa anakuwa mkubwa kama tembo.

Kwenye sensa yako utakuta skrubu mbili ndogo za kuzungusha. Moja ni ya umbali, kama mita 3 hadi 7. Nyingine ni ya muda ambao ishara inadumu, kuanzia sekunde chache hadi kama dakika 5. Ya muda ishushe hadi mwisho. Mtakayemkabidhi kazi ya kukumbuka si sensa, ni programu.

Na hapo ndipo tunafika kwenye lile linalokuuma. Mteja wako ana ulimi mkali lakini hakusema uongo. Mti wako unajibu kama swichi: mtu yupo, waka, hayupo, zima. Hakuna kiumbe anayeishi hivyo.

Kesho asubuhi tafuta kifauongo, yale majani ya kando ya njia yanayojifanya yamekufa. Gusa ncha ya jani moja uangalie kwa utulivu, kama hujawahi kukiona. Vijani vinajikunja jozi kwa jozi, kuanzia ulipogusa kwenda ndani, kisha kikonyo chenyewe kinalala. Sekunde chache tu. Sasa subiri kifunguke. Utachoka kuchuchumaa, maana huchukua dakika nyingi. Sababu ni kwamba chembe zilizo kwenye maungio ya majani humwaga maji ghafla, na kuyarudisha ni kazi ya taratibu. Kwenda ni mbio, kurudi ni mwendo wa kinyonga. Tena ukikisumbua mara nyingi bila kukidhuru, kinakuzoea na kuacha kujikunja.

Kimulimuli ana somo jingine. Huyu ni wa jamii ya mbawakawa. Tumboni mwake kemikali iitwayo lusiferini hukutana na oksijeni kwa msaada wa kimeng'enya, na mwanga hutoka karibu bila joto lolote. Lakini ule mwanga ni mazungumzo. Kuna aina moja ya Marekani iliyochunguzwa sana, Photinus pyralis. Dume huruka akimeta kila baada ya sekunde kama 6. Jike aliyetulia kwenye nyasi anamwona, anangoja sekunde kama 2, ndipo anameta. Akiwahi au akichelewa, dume anapita zake. Anajua huyo si wa kwao. Ile subira ya sekunde 2 ndiyo kitambulisho. Mti wako unajibu papo hapo kama askari aliyeitwa na afande, na ndiyo maana unanuka geti.

Mbinu ninayokupa naitumia mwenyewe, na naiita kibuyu kinachovuja. Ndani ya programu wekeni namba moja inayoanzia 0 na kuishia 100. Hiyo ndiyo kibuyu. Kila sensa inapotoa ishara, miminia 20. Kila sekunde inayopita, mtu awepo asiwepo, kinavuja 2. Kisha idadi ya taa zinazometa ifuate kiasi kilichomo. Kibuyu kikiwa kitupu, mti mzima uwe na taa 4 zinazometa hapa na pale kwa kubahatisha, ili mti usife kabisa. Kikijaa pomoni, ziwe 60. Zisizidi hapo. Taa 60 kati ya 300 zitakuonea uchache ukiwa mchana kwenye karakana, subiri giza.

Tazama kibuyu kinavyokutatulia mambo. Mgeni akipita haraka, anamimina mara moja, taa chache zinaamka na kulala. Akizungukazunguka na watoto wake, kibuyu kinapanda kidogo kidogo na mti unajaa vimulimuli ndani ya dakika moja hivi. Wakiondoka, haufi ghafla. Unafifia karibu dakika nzima, kama wadudu wanaotulia baada ya kusumbuliwa. Sensa ikijishtua kwa bahati mbaya mara moja, matokeo yake ni taa kumi na kitu kwa sekunde chache. Hakuna atakayeita shehe. Halafu kuna udhaifu wa sensa hizi unaokera watu wengi: mtu akikaa kimya haonekani, kwa sababu joto lake halisogei. Kwenye mti wako udhaifu huo unageuka utamu. Mgeni akiketi kwenye benchi na kutulia, kibuyu kinavuja, mti unatulia naye. Umemzoea, kama kifauongo. Akinyoosha mkono kuchukua kikombe, matawi ya karibu yanaamka.

Ongezeni subira ya sekunde moja na nusu hadi 2 kati ya ishara na jibu, na jibu lianzie kwa taa moja iliyo karibu na sensa, ndipo lisambae kwenda juu. Mteja wako atalalamika kwamba mti "unachelewa". Mwombe akae nao nusu saa usiku kabla hujabadilisha.

Rangi: si nyeupe. Kwa kipimo cha programu cha 0 hadi 255: nyekundu 160, kijani 255, buluu 0. Hiyo ni njano ya kijani, karibu na kimulimuli. Kila kumeta kupande haraka, sehemu ya kumi au mbili za kumi za sekunde, na kushuke taratibu kwa karibu sekunde nzima. Na kuna jambo la jicho ambalo kijana wako huenda halijui: jicho halihesabu mwanga kama mita inavyohesabu. Namba 128 ni nusu ya 255, lakini jicho litaona kama robo tatu ya mwanga. Ukitaka nusu ya kweli machoni, andika 56. Kama hamkusahihisha hilo, taa itaonekana imekwama juu muda mrefu kisha inadondoka kama jiwe. Muulize kijana kama ameweka "gama", yaani usahihisho huo. Akikukodolea macho, mwambie asome habari hiyo kwanza.

Fanya hesabu ya umeme tena sasa. Taa 60 za rangi hiyo hata zikiwaka zote kwa pamoja hula kama ampea 2.2 tu, pamoja na miliampea moja hivi ambayo kila taa hula hata ikiwa imezimwa. Adapta yako ya ampea 10 iliyokuwa inaelemewa sasa inasinzia. Kwa wati 11 hivi unaweza hata kuuhamishia mti kwenye betri ya volti 12 ya ampea-saa 20 na paneli ndogo ya sola, ukaweka kipunguza volti katikati, na ukawaka kuanzia saa moja jioni hadi saa saba usiku hata umeme ukikatika.

Kama mtaupenda mchezo, baadaye kuna hatua nyingine. Kwenye mikoko ya Asia ya kusini-mashariki kuna vimulimuli wanaometa kwa pamoja mti mzima bila kiongozi. Mwaka 1990 wanahisabati Mirollo na Strogatz walionyesha jinsi kanuni ndogo inavyotosha: kila mmoja ana saa yake, na akiona jirani anameta, anaisogeza yake mbele kidogo. Ukiweka kanuni hiyo kwenye kila taa, kibuyu kikijaa mti utaanza kupumua kwa pamoja. Lakini anzeni bila hiyo. Nimeona kazi nzuri zikizikwa na programu ambayo mwenyewe aliyeiandika haielewi tena.

Nije kwenye ushauri uliopewa. Sensa ya rada si mbaya. Inapita kwenye plastiki, hivyo ungeifungia ndani ya boksi mvua isiiguse. Ubaya wake ni kwamba inaona hata nyuma yake na hupenya kuta nyembamba. Mgeni akijigeuza kitandani chumba cha jirani, mti unawaka. Na shina lako la chuma litairudishia mawimbi yake. Sensa ya mwangwi, ile yenye macho mawili, hupima umbali hadi kama mita 4, na ingefaa kama ungetaka mti ukolee kadiri mtu anavyosogea, ila matone ya mvua kwenye macho yake huitia wazimu. Kamera usiweke. Wageni hawakuja Kigoma kurekodiwa. Kile kidhibiti cha bei kubwa kina mitindo mingi ya kung'aa na rangi za upinde wa mvua, kinafaa sana ukumbi wa harusi, lakini kibuyu hakina. Na kama huyo kijana ameondoka na hakuna wa kuandika programu, basi toa sensa kabisa, mti umete wenyewe kwa kubahatisha usiku kucha. Mti usiojibu ni bora kuliko unaojibu vibaya.

Kuhusu giza, nina neno moja. Wageni wa hapo wanakaa barazani kutazama taa za wavuvi wa dagaa zilivyopangana ziwani, zamani karabai, siku hizi betri na LED. Siku za mbalamwezi mitumbwi inapumzika kwa sababu taa haina nguvu mbele ya mwezi pevu, na dagaa hawakusanyiki. Wavuvi wanajua kitu ambacho sisi watu wa taa tunakisahau: mwanga unafanya kazi pale tu palipo na giza. Zima taa nyeupe za bustani zilizo karibu na mti, hata kama mwenye nyumba atanung'unika. Weka taa ndogo za njano za kumulika njia tu, zikitazama chini. Mwanga mweupe na wa buluu huita wadudu zaidi kuliko wa njano, na mvua za kwanza zikinyesha mtajikuta mnafagia kumbikumbi kwa ndoo. Na kama kwenye nyasi zile kuna vimulimuli halisi, taa kali huwavuruga mazungumzo. Itakuwa kichekesho cha uchungu sanamu yao iwafukuze.

Watoto. Hapa sitanii. Miaka ya mwanzo nilifunga samaki wa chuma kwenye ukumbi mmoja hapa Tabora, nikapitisha waya wa volti 230 ndani ya bomba. Ukingo wa bomba ulikuwa na ncha niliyoacha bila kuipiga tupa. Waya ukasuguana nayo kila samaki alipoyumba. Siku ya sherehe mama mmoja akaegemea pezi, akaruka nyuma, kikombe cha chai kikamwagikia kanga yote. Alicheka, watu wakacheka. Mimi usiku ule sikulala, kwa sababu sakafu ilikuwa kavu, na nilijua ingekuwaje kama ingekuwa imelowa.

Kwa hiyo kwenye mti zipande volti 5 tu, au 12 kama una betri. Hizo mtoto akizishika kwa mkono mkavu au uliolowa hazimdhuru. Adapta ikae ndani ya nyumba au kwenye boksi lililofungwa, juu kuliko maji yanapoweza kufika, kamwe si shinani. Kila tundu la bomba lipige tupa na ulivishe mpira. Mkanda uwe wa kiwango cha IP65 angalau, yaani usiopenya vumbi wala maji ya kurushiwa, na maungio yote yafungwe kwa silikoni. Waya unaoleta umeme kwenye adapta ulindwe na breka ya kuvuja umeme ya miliampea 30, na shina liwe na ethi. Sehemu hii ya volti 230 usiifanye mwenyewe hata kama unaiweza. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, apime ethi kwa kifaa, si kwa macho, na umwombe akuandikie alichopima. Mtu akiguswa na umeme akazimia, hata kwa dakika moja, au akahisi moyo kwenda mbio, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata akisema amepona.

Jambo jingine la afya: kumeta kusizidi mara 3 kwa sekunde kwa mti mzima. Kumeta kwa kasi kuliko hapo kunaweza kumwamshia mtu kifafa. Kwa mwendo wa kibuyu hutafika huko, lakini ukiweka ile kanuni ya kumeta kwa pamoja, hesabu kwanza.

Kwa programu, kama maelezo yangu yamekuwa mengi, chukua bodi na sensa uende chuo cha ufundi cha VETA hapo Kigoma, uwaonyeshe walimu wa umeme. Mambo haya ni rahisi watu wakiwa wameinama juu ya meza moja kuliko kwa maandishi. Ukinitumia video ya maendeleo, ipige usiku, na uniambie mlinzi ameandika nini kwenye daftari. Na kile kioo kisafishe kwa siki leo hii, ukirudishe kwenye picha ya harusi kabla shemeji hajaniuliza mimi.